Kuzeesha Nyumba kwa Chai ya Rangi

Siku mliyoniaga pale studio mlinipa kitenge, keki, na kiti cha plastiki chenye mikono, ambacho nimekikalia sasa hivi barazani kwangu Mwankoko. Nawashukuru. Ila Neema aliniuliza swali mbele ya watu nikashindwa kulijibu kwa sababu keki ilikuwa imejaa mdomoni: eti ni kweli zamani mlikuwa mnachemsha picha kwenye chai? Ninyi jengo likitakiwa lionekane la kale mnabonyeza mahali kwenye kompyuta, linabadilika rangi, mnarudi kwenye simu zenu. Kwetu ilikuwa kazi ya siku mbili. Kwa kuwa nimestaafu na sina foleni ya picha za pasipoti, nitamjibu Neema kwa urefu, na ninyi wengine mtasoma hata kama hamkuuliza.

Kwanza, hatukuchemsha. Tuliloweka. Anayechemsha picha anatafuta mchuzi.

Niliingia studio nikiwa binti wa miaka ishirini na kidogo, natokea Ilongero. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Singida mjini yameanza kujaa tena baada ya muda mrefu wa rafu tupu, na watu walikuwa wanaingia dukani bila haja ya kununua, kuangalia tu. Sabuni za rangi tatu, redio, mitumba, saa za plastiki zinazong'aa. Mimi mwenyewe nilisimama dirishani kwa Mwarabu nusu saa naangalia mwamvuli, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne.

Mwenye studio alikuwa Mzee Saidi, mtu wa maneno machache, anayevaa koti jeupe la kidaktari ili wateja waache kucheka anapowapanga. Siku ya kwanza hakunionyesha kamera. Alinifungia katika chumba cha giza, akasema kutoka nje, "Kaa humo mpaka uone." Nilikaa. Mwanzoni hakuna kitu, halafu ile taa nyekundu ikaanza kunipa umbo la meza, halafu mengine. Alipofungua aliniuliza nimeona nini.

"Trei tatu, mzee. Chupa za dawa. Mashine ya kukuzia picha. Na panya."

"Vizuri. Huyo panya ana miaka mingi kazini kuliko wewe. Usimsumbue."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Wiki hiyohiyo alinifundisha kusafisha picha: karatasi inaingia trei ya kwanza, unaitikisa polepole, na sura inajitokeza. Nilipoiona sura ya kwanza ikija, ya bibi harusi mmoja aliyenuna, nilipiga kelele ya furaha mpaka mteja aliyekuwa nje akauliza kama kuna nyoka. Sikuwahi kuizoea ile furaha. Miaka yote niliyofanya kazi humo, karatasi ilipoanza kupata sura, moyo wangu ulikuwa unaruka kidogo.

Shida ilikuja na picha za rangi. Ruksa ilileta na hizo. Ghafla hakuna aliyetaka kupigwa picha nyeusi na nyeupe isipokuwa wa kitambulisho, na Mzee Saidi alikuwa na maboksi ya karatasi za zamani yaliyojaa mpaka chini ya kitanda chake. Karatasi zile zilikuwa nzito na zinakunywa maji, si kama hizi zenu zilizopakwa plastiki. Mzee alikuwa anayaangalia yale maboksi, anavuta pumzi, anatoka nje.

Aliyetuokoa ni bwana mmoja aliyejenga gesti karibu na stendi. Jengo lilikuwa halijamaliza kunuka rangi. Akaja na ombi: anataka picha kubwa ya gesti yake aitundike mapokezi, ila ionekane kama imepigwa enzi za Mjerumani.

Mzee Saidi alimtazama. "Gesti yako imefunguliwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na Mjerumani aliondoka lini?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mzee. Mgeni akiona picha ya zamani anatulia. Anajua hapa watu wamelala miaka mingi na wameamka."

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Mzee alikubali kazi, akanipa mimi. Zipo dawa za kitaalamu za kugeuza picha kuwa ya kahawia, lakini zinanuka kama mayai yaliyooza na wakati ule hazikupatikana kwa urahisi. Nikafikiria kanga zangu nyeupe zilizoharibiwa na chai. Nikachukua chai iliyobaki kwenye birika la asubuhi, nikamimina katika trei, nikazamisha gesti. Ilitoka nzuri ajabu. Ukuta mpya ukawa na rangi ya karne nzima, na Mzee Saidi akasema "hm," neno ambalo alilitoa kwa nadra.

Siku ya tatu mwenye gesti alirudi mbio na picha imefunikwa na kitambaa. Akafunua. Gesti ilikuwa inatembea. Chai ya asubuhi ilikuwa na sukari, nami sikufikiria hilo, na sisimizi wote wa eneo la stendi walikuwa wamepanga humo bure. Walikuwa wamekula paa na chumba cha kwanza mpaka cha nne.

Kwa hiyo Neema, andika: chai ya rangi, majani mengi, sukari hapana, maziwa hapana, tangawizi hapana. Iache ipoe kabisa. Loweka huku ukitikisa, usiondoke kwenda kupiga soga, la sivyo unapata mawimbi. Ukitaka kingo ziwe nyeusi zaidi, unakata tundu kwenye kadibodi na kuchezesha mwanga wakati wa kukuza. Ukitaka picha iwe na ukungu, unavuta soksi ndefu ya kike juu ya lenzi. Soksi hiyo ilikuwa yangu, ya kuendea kanisani, na iliishia kazini. Picha ikishakauka ndipo unapochukua brashi yenye nywele tatu na wino wa kuzibia madoa, unafuta kila kitu cha kisasa kinachong'aa: waya wa umeme, bati jipya, antena. Wino huo ni wa maji, kwa hiyo ndio wa mwisho. Ukiutanguliza, chai inauosha.

Biashara ilichangamka. Wenye baa walikuja, mapadri walikuja, na mashehe. Nilikwenda na kamera Manyoni kupiga stesheni ya reli, Kilimatinde kupiga majengo ya kale ya Mjerumani, ambayo hayakuhitaji msaada wangu wa kuzeeka lakini yalihitaji nifute kamba ya nguo zilizoanikwa. Itigi nilisubiri saa nzima abiria mwenye begi la plastiki la rangi ya machungwa aondoke mbele ya stesheni, na alipoondoka akaja mwenzake mwenye mawili. Nilikuwa na raha. Kazi ya brashi niliiweza kuliko hata Mzee Saidi, naye alikuwa analisema hilo kwa wateja akidhani sisikii. Maboksi chini ya kitanda yakaanza kupungua.

Sasa nifike kwa Elia.

Elia Hango alikuwa mtu wa makamo kutoka kijiji kimoja upande wa Mtinko. Alikuja studio kwa upole, akaketi kwenye benchi, akazungusha kofia mikononi. Akasema baba yake, Mzee Hango, alifariki zamani kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa, na hakuacha hata picha moja. "Watu wote wananiambia nimetoka kama yeye, dada. Nina koti lake na kofia yake. Nikivaa nikasimama mbele ya tembe letu, ukaizeesha, nitakuwa na picha ya baba." Machozi yalinilenga. Mimi mwenyewe sura ya baba yangu naikumbuka nusu.

Nilikwenda Jumapili. Tembe lilikuwa zuri, kuta za udongo zimepigwa vizuri, paa bapa lililofunikwa udongo, nguzo za mbele zimeng'aa kwa kuegemewa na watu. Ndani hakukuwa na mtu. Elia alisema mama yake mdogo anaishi humo na amekwenda kanisani. Akavaa koti, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akasimama mlangoni kama mwenye mji. Nikapiga.

Studio nilipoikuza, niliona mkononi, chini ya mkono wa koti la marehemu, saa ya plastiki inang'aa. Ingekuwa nyinyi mngesema haidhuru. Mimi ilinikera. Baada ya chai nikachukua brashi, nikaizima ile saa, kidogo kidogo, mpaka ikawa ngozi tupu. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na hilo nalisema bila kujisifu, kwa sababu mtaona ilivyoniponza.

Kama mwezi baadaye aliingia mtendaji wa kijiji hichohicho, amekumbatia bahasha. Alitaka nakala kwa ajili ya faili. Akatoa picha yangu ya tembe, nami nikatabasamu kwa fahari.

"Hii picha imetusaidia sana," alisema. "Tulikuwa na kesi imetushinda. Kuna bibi mmoja mjane, Bibi Salome, anakaa kwenye hili tembe. Anadai alijenga mumewe. Elia anadai ni la baba yake, mume wa bibi alikaribishwa tu. Mashahidi wote wamekufa. Sasa Elia katuletea picha ya mzee wake kasimama mlangoni mwake mwenyewe. Mwenyekiti wetu alivyoiona, unajua alifanya nini? Alisimama akaiamkia! Kabisa! 'Shikamoo Mzee Hango!'"

Akacheka. Mimi nilishika meza.

"Na huyo bibi alisemaje?"

"Alisema nyumba anaijua, ila huyo mtu hajawahi kumwona mlangoni kwake. Watu wakamzomea. Alhamisi baraza linakaa kumaliza. Eneo lile liko barabarani, Elia anataka kuweka mashine ya kukamua alizeti. Bibi atapewa muda avune uwele wake, halafu ahame."

Mtendaji alipoondoka nilikaa chini. Niliona haya, na niliogopa vilevile. Nikienda kusema ukweli, kila mtu Singida angejua kwamba studio yetu inaweza kumfufua marehemu na kumvua saa. Nani tena angetuamini na picha ya kitambulisho? Nisiposema, bibi wa watu anatoka nyumbani kwake kwa ajili ya brashi yangu. Nikamweleza Mzee Saidi yote. Alikuwa ananawa dawa mikononi, na hakuacha kunawa mpaka nilipomaliza.

"Saa uliifuta wewe?"

"Mimi, mzee."

"Ilifutika vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi utakwenda kuirudisha vizuri vilevile. Nami nitakuja."

Mzee Saidi hakuwahi kufunga studio siku ya kazi, hata alipofiwa na kaka yake alifunga saa sita mchana. Alhamisi ile alifunga asubuhi. Tulipanda lori lililokuwa linafuata magunia ya alizeti Mtinko, yeye amevaa koti lake jeupe, na kila tuliposimama watu walimwuliza kama amekuja kuchanja watoto.

Baraza lilikaa katika darasa la shule. Wazee walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Elia alikuwa mbele. Bibi Salome alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango, mwembamba, kanga imefungwa kichwani, na pembeni yake ndoo nyekundu ya plastiki, mpya, imejaa nguo zilizokunjwa. Nikaambiwa alikuwa amekuja na vitu vyake ili aende moja kwa moja kwa binti yake Ilongero, asisubiri kufukuzwa.

Mzee Saidi akaomba ruhusa ya kusema. Akasema yeye ni fundi picha na huyu ni fundi wake, na wanaomba beseni la maji.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima, mwenye sauti nzito. "Beseni la nini?"

"Tunataka kuiosha hii picha iliyo mezani kwako," nilisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Yaani mumwogeshe marehemu mbele yangu?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Leteni beseni."

Mpishi wa shule alileta sufuria la kupikia uji. Wazee wakaacha madawati, wakazunguka meza. Nikaizamisha picha, nikaanza kuitikisa polepole, kama nilivyofundishwa siku zangu za mwanzo. Maji yakaanza kubadilika rangi. Mzee mmoja akachovya kidole, akakinusa, akakiramba.

"Hii chai," alisema. "Haina sukari."

"Picha hii niliipiga mimi mwenyewe," nikasema, "Jumapili, wakati bibi yuko kanisani. Si ya zamani. Niliiloweka kwenye chai nikijua ni ya kutundika ukutani. Na kuna kitu nilikificha. Tazameni mkono wa kushoto."

Wakatazama. Wino ulianza kulegea, ukatoka kama uzi mweusi ndani ya maji, na kwenye ngozi ya mkono wa Mzee Hango pakaanza kung'aa kidogo, halafu zaidi, halafu ikaonekana saa nzima, na mkanda wake.

"Marehemu ana saa!" mama mmoja alisema.

"Tena ya plastiki," akasema aliyeramba chai. "Marehemu ana saa kama ya Elia."

Watu wote waligeuka. Elia alikuwa ameingiza mkono wa kushoto mfukoni.

"Elia," mwenyekiti alisema. "Toa mkono."

Alitoa. Sijawahi kusikia darasa likicheka vile, hata lenye watoto. Mpishi wa shule alikaa chini. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliitazama picha ndani ya sufuria, akamtazama Elia, ambaye kwa umri ni sawa na mwanawe.

"Kwa hiyo ile shikamoo yangu," alisema, "nilimpa nani?"

Mzee Saidi, mtu wa maneno machache, ndiye aliyesema, "Ulimpa Elia, mwenyekiti."

"Nirudishie."

Elia akasimama. Akavua kofia ya baba yake, akainamisha kichwa, na kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza akasema, "Shikamoo, mzee."

Mwenyekiti alimwacha amesimama hivyo muda wa kutosha mtu kuchota maji kisimani na kurudi. Ndipo akasema, "Marahaba. Kaa. Kesi imekwisha. Tembe ni la Bibi Salome, na shamba lake, na mti wowote uliomo."

Wakapiga makofi. Watu wakamzunguka Mzee Saidi wakimwuliza kama anaweza kuwaosha na wengine wanaowashuku, na mpaka lori linarudi alikuwa ameshaandikisha picha za harusi mbili. Lile nililoliogopa halikutokea kabisa. Ndivyo ilivyokuwa miaka iliyofuata pia: mtu akileta picha ya ushahidi popote Mtinko, wazee wanauliza kwanza kama imepitia sufuria la uji. Nasi tangu siku ile tuligonga mhuri nyuma ya kila picha tuliyoizeesha, neno kubwa, IMEZEESHWA, na ninyi mnaozeesha kwa kompyuta naomba mfanye vivyo hivyo. Msinilazimishe kurudi kazini na beseni.

Lakini nilikuwa sijamaliza na Bibi Salome. Nilimkuta bado sakafuni, hakuwa amecheka wala kupiga makofi. Nikachuchumaa, nikamwamkia, nikamwomba msamaha. Nilisema vibaya, nikarudia, nikalia kidogo.

"Wewe ndiye uliyekuja kwangu nikiwa kanisani?"

"Ndiyo, bibi. Unisamehe."

"Kamera unayo?"

Nilikuwa nayo. Akajitwisha ndoo yake, akatangulia, nami nikamfuata mpaka nyumbani. Njiani akina mama wawili walimsemesha kwa Kinyaturu, akawajibu neno moja, wakacheka mpaka wakashikana. Alipofika kwake aliitua ndoo mlangoni, akafagia mbele ya nyumba, akafunga kanga upya, akasimama palepale aliposimama Elia.

"Piga," alisema. "Wakiniuliza tena nionyeshe."

"Nitaitengeneza vizuri, bibi. Nitaipa rangi ya kale, ya heshima."

"Usiitie chai. Chai tutakunywa. Mimi nataka ionekane ni ya leo, nipo hapa leo."

Nikainua kamera. Kwa mazoea ya kazi nikasogea mbele kuiondoa ile ndoo nyekundu, maana plastiki ile ilikuwa inaharibu sura ya nyumba nzima.

"Iache," Bibi Salome alisema. "Asubuhi imetoka humu na nguo zangu zote. Sasa imerudi. Iwemo."

Nikarudi nyuma hatua mbili, ndoo yote ikaingia.